Nani Aliona Mia?

Wilhelmina Luhaga hakuwa mwalimu, lakini sayansi niliyonayo ilianzia kwake, na mwenye kubisha abishe. Alikuwa mtunza maabara wa shule yetu ya sekondari huko Ilemela, Mwanza: mama mfupi, kanga kiunoni juu ya koti jeupe, anayefuta chupa za maabara kama anafuta pua za wanawe. Vipimajoto vyake kumi na viwili vilikaa kabatini, kila kimoja kimeviringishiwa pamba. Tukimwambia "Shikamoo Mama," aliitika marahaba huku macho yake yakiwa mikononi mwetu, tusije tukavunja kitu.

Mwaka 1994, tukiwa kidato cha pili, tulipewa kazi ya kuchemsha maji na kuandika yanachemka kwenye nyuzi ngapi. Kazi gani hiyo! Jibu tulikuwa nalo kabla hata ya kuwasha majiko ya mafuta ya taa. Kitabu kilisema mia, na waliotutangulia waliandika mia. Basi maji yakachemka, majibu tukayapika, tukakusanya madaftari.

Ni Kashindye tu, tuliyekaa naye meza moja, aliyeandika tisini na sita.

Mwalimu Odoyo, kijana aliyetoka chuoni juzi juzi, akamkosesha. "Lakini Mwalimu, ndivyo kilivyosoma," Kashindye akalalamika. Mwalimu akachemsha maji mwenyewe mbele yetu. Tisini na sita. Akabadilisha kipimajoto. Tisini na sita. Vyote kumi na viwili vikagoma pale pale.

Habari zikamfikia mkuu wa shule. Enzi zile watu walikuwa wanapunguzwa kazini kila mahali, na mkuu naye alikuwa anatafuta jina la kupunguza. Akafunua madaftari ya matokeo ya nyuma: mia, mia, miaka mitano mia tupu.

"Miaka yote vinasoma mia, leo vimeharibika vyote? Mama Wilhelmina, unavitunzaje hivi vifaa? Ijumaa utanikabidhi funguo."

Mchuma janga hula na wa kwao. Janga tulilichuma sisi, na sasa alikuwa anapakuliwa yeye. Roho iliniuma, maana nilijua ninachokijua. Nikanyamaza.

Ijumaa asubuhi Mama Wilhelmina aliingia maabara akiwa amelowa maji mgongo mzima. Alikuwa amebeba gunia la maranda ya mbao, na ndani ya maranda, barafu! Alitoka nalo Nyakato, kwenye kimoja cha viwanda vipya vya minofu ya sangara, alikofanya kazi mdogo wake Chenge.

"Leo hatuchemshi kitu," alisema. Akaiponda barafu ndani ya beseni, akawaita mkuu na Mwalimu Odoyo, akachomeka vipimajoto vyote.

Tulisongamana mpaka meza ikasogea. Zebaki ikaanza kushuka na sisi tukahesabu nayo kwa sauti. Ishirini! Kumi! Tano! Sifuri! Vyote kumi na viwili, sifuri! Kashindye alipanda juu ya stuli akipiga kelele, na Mama Wilhelmina, kwa mara ya kwanza, hakumwambia ashuke.

"Barafu inayoyeyuka ni sifuri, uwe pwani au uwe mlimani," Mwalimu Odoyo akasema polepole. "Vipimajoto ni vizima." Halafu akajipiga kofi kwenye paji la uso. "Ni sisi! Mwanza tuko juu, zaidi ya mita elfu moja kutoka usawa wa bahari! Hewa ya huku haiyakandamizi maji kama ya pwani, ndiyo maana yanachemka mapema! Nilisoma haya mwenyewe nikayasahau!" Alikuwa anarukaruka kama sisi.

Mkuu hakuruka. Aliinua daftari la matokeo juu. "Na hawa wote wa mia? Walitumia vipimajoto gani? Au vilibadilishwa?"

Mama Wilhelmina akatugeukia. Hakufoka.

"Wanangu, nani aliona mia?"

Nikasogea mbele.

"Mimi niliona tisini na sita, Mama," nikasema. "Nikafuta. Nikaandika ya kitabu."

"Hata mimi," mtu akasema nyuma. "Na mimi." "Na mimi!" Ikaenea meza kwa meza, tukawa tunapokezana kukiri kana kwamba tunashindana.

Mkuu alifunga daftari. "Funguo baki nazo, Mama," akasema, akatoka.

Mwalimu Odoyo alichukua kalamu nyekundu akatugawia sifuri thelathini na tisa, darasa zima isipokuwa Kashindye, na sisi tukazipigia makofi. Sijawahi kufurahia sifuri kama ile.

Mama Wilhelmina alimwaga barafu, akaagiza majiko yawashwe. Maji yalipoanza kutokota alifuta kipimajoto kwa ncha ya kanga yake, akaniwekea mkononi.

"Soma, Sabina," alisema. "Kwa sauti."