Mondo Niliyemsingizia

Asubuhi ile naikumbuka, mwanangu, kwa joto lililonipiga usoni nilipofungua kibanda cha mabati. Jogoo wa Mama Mutheu alikuwa amelala ubavu, mdomo wazi, na kopo la maji kando yake lilikuwa kavu kabisa.

Nikueleze kwanza jogoo huyo alikuwa nani. Nilikuwa kijana bado, nimepanga nyumba yenye uwanja upande wa Kitengela, enzi ambazo nyasi ndefu zilianzia nyuma ya ua. Sisi wafugaji wa mtaa tulikuwa na desturi ya kuazimana majogoo, ili kuku wa boma moja wasizaane ndugu kwa ndugu hadi wadhoofike. Jogoo anakaa kwako msimu mmoja, kisha unamrudisha pamoja na mitetea wawili wa uzao wake. Mama Mutheu, ambaye alihamia kwetu kutoka Machakos na alikuwa rika la mama yangu, alikuwa amehangaika miaka mingi kupata kuku wa shingo tupu, wakubwa, wanaotaga vizuri na kuvumilia joto. Yule mwekundu ndiye aliyekuwa bora kuliko wote. Aliniazima mimi kwa sababu nilisoma vitabu vya ufugaji na kuuliza maswali mengi.

Kitabu kimoja kilisema jogoo mgeni atengwe kwanza, hadi mitetea wamalize mayai yenye mbegu ya jogoo wa zamani, ndipo ujue kwa hakika kila kifaranga ni wa nani. Nikafuata. Nikamfungia, nikaenda harusini Kajiado, nikalala huko, nikarudi siku ya pili jua likiwa limeshapanda. Ukurasa uleule ulikuwa umetaja maji na kivuli. Nilikuwa nimeusoma.

Nilimzika nyuma ya choo. Kabla ya kumfukia nilimng'oa manyoya kadhaa, nikayatawanya penye tundu la ua. Hata leo, ninapoandika hivi, naliona tundu lile.

Kulikuwa na mondo aliyepita mara nyingi katika nyasi zile. Ni paka wa porini, miguu mirefu, ana madoa meusi, na chakula chake kikubwa ni panya. Kila mtu alikuwa amemwona, kwa hiyo niliposema ndiye aliyemla jogoo, kila mtu aliniamini.

"Wuui, mondo!" Mama Mutheu alishika shavu. "Pole, mwanangu. Usijilaumu, hiyo ni kazi ya mnyama. Niko na mdogo wake yule jogoo, akikomaa nitakuletea."

Ningesema wakati ule. Badala yake nilishukuru.

Njoroge, jirani yetu fundi wa mbao, alikuwa na vifaranga wengi na wasiwasi mwingi. "Huyo paka ameshaonja," akasema. "Na wewe kijana, katika vitabu vyako vyote hivyo, hakuna ukurasa wa kuziba ua?" Watu wakacheka. Nami nikacheka. Kisha akaleta waya, akatengeneza kitanzi pale kwenye tundu, na aliponiomba nimshikie koleo, nilimshikia.

Siku chache baadaye tulimkuta mondo asubuhi, ameshanyongwa. Njoroge alimgeuza ili atoe waya. Chuchu za mnyama zilikuwa zimejaa maziwa.

"Huyu alikuwa ananyonyesha," alisema, akavua kofia.

Tulitafuta watoto wake katika nyasi mpaka jua likawa kali. Hatukuwapata. Mimi nilikuwa natafuta kwa bidii kuliko wote, na watu walidhani ni huruma.

Mchana huo nilikwenda kwa Mama Mutheu. Alikuwa anaosha vyombo vya maji vya kuku. Nilimwambia yote, kibanda, harusi, manyoya. Hakuacha kuosha mpaka nilipomaliza.

"Jogoo ningekusamehe kabla hujafika mwisho," alisema. "Kuku hufa. Mimi mwenyewe nimewaua wengi kwa kutojua. Lakini ulimpa kosa lako asiye na mdomo wa kujitetea, ukatuacha tumwadhibu. Sasa hilo si la kuniambia mimi peke yangu. Jumapili tukitoka kanisani majirani watakuja hapa. Utasema ukiwa umesimama."

Nilisema nikiwa nimesimama. Hakuna aliyenitukana, na hilo lilikuwa gumu zaidi. "Na koleo ukanishikia," alisema Njoroge, akachukua kofia yake, akaenda. Yule jogoo mdogo hakuja kwangu, wala sikumuulizia.

Mwanangu, siku hizi mna kundi lenu kwenye simu. Mnaonyeshana vifaranga, mnaulizana damu ya jogoo huyu na yule, nami nafurahi kuwasoma. Lakini naona pia kwamba kila kuku akipotea, mnyama anatajwa upesi: nguchiro, kicheche, fisi. Huenda ni kweli. Taja ulichoona kwa macho, na kama hukuona, sema hukuona. Ziba ua wako, angalia maji yako, na mnyama akisumbua kweli, waite askari wa wanyamapori kabla mtu hajaleta waya. Na ukiua cha mwenzako kwa uzembe, nenda kwake siku hiyohiyo, ukiwa bado umekishika mkononi. Aibu ya siku hiyo ni ndogo. Ile ya kungoja hutembea na kutafuta wengine wa kuwaumiza, nami sijui mpaka leo watoto wale wa mondo waliishia wapi.

Mungu akuzidishie kizazi bandani mwako. Akupe majirani wa kukuazima na moyo wa kurudisha. Na ukikosea, kwa maana utakosea, akupe miguu ya kukufikisha mlangoni kwa mwenye mali kabla jua halijatua.