Zamu ya Kabeya

Nakumbuka Jumamosi moja ya kiangazi, mwanangu, enzi za Zaïre, kwenye baraza ya nyumba ya kambi ya mgodi kule Dilala. Tulikuwa watatu: mimi, rafiki yangu Kabeya, na Ngalula dada yake mkubwa. Mwalimu mmoja mgeni, alipokuwa anarudi kwao, alimwachia Ngalula kitabu cha mchezo kwa Kifaransa na dadu moja ya pande ishirini. Usicheke. Wengine walikuwa na mpira, sisi tulikuwa na hiyo.

Mchezo wenyewe ni hadithi. Ngalula anasimulia, ninyi mnakuwa watu wa ndani ya hadithi, na vita ikianza kila mtu anarusha dadu. Mwenye namba kubwa anatenda kwanza, anafuata wa pili yake, hata mnyama naye ana namba yake. Ukishatenda, unanyamaza mpaka wote wamalize, ndipo mnaanza upya. Namba haikufanyi chifu. Inasema tu kwamba safari hii wewe umewahi.

Hilo lilinishinda. Nilimzidi Kabeya mwaka mmoja, akiniita yaya, yaani kaka mkubwa, na kwetu yaya ndiye anayeanza: kunawa mikono, kusema mbele ya wageni, kila kitu. Dadu itamjuaje mkubwa? Wazee husema mkubwa ni jalala. Mimi nilisikia "mkubwa" tu, "jalala" ikanipita.

Kabeya alikuwa na kigugumizi. Shuleni walimmalizia maneno, kanisani walimruka. Pale barazani tu, zamu yake ikifika ilikuwa yake, na Ngalula alimngoja hata bukari, ugali wetu, ipoe.

Siku hiyo joka lilitutokea ndani ya shimo. Kabeya alipata kumi na saba, joka kumi na moja, mimi nne. Kabeya akafumba macho kutafuta neno lake.

"Mi... mi na..."

Nikaona aibu, sijui yake au yangu. Nikadakia kwamba tunashambulia, mimi mbele, yeye nyuma yangu. Ngalula akamuuliza mdogo wake kama anakubali. Akainamisha kichwa tu. Joka likaja, likanimeza mimi niliyejiweka mbele, nami nikacheka, nikaaga, nikaenda zangu.

Wiki iliyofuata nilimkuta Ngalula anafunga mizigo. Kazi ya baba yao mgodini ilikuwa imekwisha, wanarudi Kasai, na Kabeya ametangulia na baba kwa treni ya asubuhi. Hakuja kuniaga. Niliuliza kama amenikasirikia.

"Ile tour, ile zamu, ilikuwa yake," Ngalula akasema. "Alitaka kusema: mi nasimama mbele ya yaya, joka inilume mi. We ulimukatia maneno."

Akanipa dadu. Kabeya ndiye aliyesema nipewe.

Niliandika barua mbili, sikupata jibu. Majuto ni mjukuu, mwanangu, na wangu amezeeka nami nyumba moja. Mke wangu ametangulia, watoto wangu wamehamia Lubumbashi, jioni nakaa peke yangu na dadu ile. Namrushia Kabeya kwanza. Kisha nanyamaza, nangoja aseme, mpaka chai inapoa. Upweke huu nimejipikia mwenyewe.

Kwa hiyo nisikilize. Kutangulia si kufika. Ukipata namba ndogo, ipokee, zamu yako inakuja. Mwenzako akiwa anatafuta neno, usimtafutie, hata kama umemzidi miaka. Huenda neno lenyewe ni la kukukinga wewe. Na ukikosea, kimbia ukamrudishie zamu yake siku hiyohiyo, kwa maana treni haingoji.

Mungu akupe watu wa kukungoja umalize kusema. Na wewe akupe moyo wa kuwangoja wao, wangali wamekaa mbele yako.