Huyo wa Mbele Anasema Nini?

Mzee aliyenifundisha lori hakuwa mtu wa kueleza. Yeye alikuwa anauliza. Tukishatoka yadi ya Kitale na kushika barabara ya Kiminini, yeye kwenye usukani na mimi kiti cha kushoto, nimekaa wima kama mtu anayepigwa picha, maswali yalianza.

"Kijana, huyo wa mbele anasema nini?"

"Amewasha indiketa ya kushoto, mzee. Anasema tupite, mbele hakuna mtu."

"Na huyo anakuja?"

"Amepiga taa mara mbili. Kuna askari huko, ama ajali."

"Ama ng'ombe," anasema. "Usisahau ng'ombe."

Nilipenda sana maswali yale. Shuleni niliishia kidato cha pili, karo iliposhindikana nyumbani, na sikuwahi kuwa mtoto wa kunyoosha mkono darasani. Ndani ya lori nilikuwa namba moja kila siku, hata kama darasa lenyewe lilikuwa na mwanafunzi mmoja. Nilijifunza kwamba malori huzungumza. Lililo mbele yako likiwasha indiketa ya kulia linakuambia kaa hapo, kuna gari linakuja. Ya kushoto, pita. Ukishapita unamshukuru mwenzako kwa taa, naye anakujibu. Niliona ni kitu kizuri mno, watu wasiojuana kuambiana hivyo barabarani mchana kutwa.

Miaka ile simu za mkononi ndiyo zilikuwa zinaingia hata kwetu Endebess, na mimi nilikuwa na leseni mpya ndani ya mfuko wa nailoni na kichwa kimejaa Kampala, Kigali, Bukavu. Mama yangu, aliyekuwa akiuza maziwa, nilimwahidi kitenge cha Kongo. Akaniuliza huko Kongo nitakula nini. Nikamwambia nitakula chochote watu wa huko wanakula, wao si wanaishi? Alicheka mpaka akaketi.

Tajiri wetu alikuwa na yadi Kitale na ofisi Bungoma, na sheria yake ilikuwa moja. Dereva mpya anapanda na dereva mkubwa. Anapakia, anaangalia magurudumu, anashika usukani pale kwa tambarare akiruhusiwa. Siku dereva mkubwa akisema ameiva, anapewa gari lake na safari ndefu. Kabla ya siku hiyo yeye ni tanboi tu, utingo mwenye leseni.

Kwa hivyo kila tulipofika Bungoma kuchukua karatasi za mpakani, tajiri alitoka kwenye veranda na kuuliza, "Vipi huyu, ameiva?"

Na mzee kila mara: "Bado kidogo."

Vijana walioingia nyuma yangu, waliopanda na madereva wengine wakubwa, walipewa magari wakaenda. Mmoja alinipita Webuye akipiga honi kama bwana harusi. Mimi, bado kidogo. Nilijiambia ni kwa sababu mwalimu wangu ni mtu wa viwango. Alikuwa mtu wa Cheptais, mkubwa kuliko baba yangu, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi, na alikuwa mwema. Jaketi ya mvua niliyovaa alininunulia yeye. Mandazi akinunua, anakata nusu bila kuulizwa. Na barabara aliijua! Kutoka Kitale mpaka Malaba alijua kila shimo, analikwepa kabla mimi sijaliona. Nilidhani huo ndio udereva wenyewe.

Kuna vitu vingine niliviona lakini sikuviweka pamoja. Simu yake ikilia ya meseji, ananipa: "Nisomee, miwani nimeacha nyumbani." Miwani hiyo sikuwahi kuiona. Jua likianza kuzama, anatafuta mahali pa kuegesha. "Saa kumi na mbili gari inalala," anasema, nami nikasema moyoni, hii ndiyo nidhamu. Watu wakimpungia mkono yadi hajibu, mpaka wamsalimie kwa mdomo, ndipo anafurahi kabisa na kuwauliza habari za watoto.

Pale Mabanga tulikuwa na mama mmoja tuliyezoea kunywa chai kwake. Mzee aliketi, akaweka kiganja juu ya meza, akakisukuma polepole mpaka kikagusa kikombe. Mama yule alimtazama. Nilipokwenda kulipa akaniinamia.

"Wewe kijana, huyu mzee wako ndiye anaendesha hiyo rori?"

"Ndiyo, mama. Ni dereva mkubwa."

"Mkubwa, ee." Akafuta meza iliyokuwa safi. "Haya. Mungu awarinde."

Nilirudi kwenye gari nikiimba, lakini wimbo haukunoga.

Halafu ikaja siku ile tukitoka Misikhu. Barabara ilikuwa nyeupe, kavu, jua kali. Mzee akapunguza mwendo.

"Huyo wa mbele anasema nini?"

Nikaangalia. Mbele hakukuwa na gari. Kulikuwa na ghala la mahindi kwenye kona, mabati yake mapya yanang'aa, basi. Nikacheka nikidhani ni mtego wa mtihani.

"Hakuna mtu, mzee! Umenijaribu, sivyo?"

Naye akacheka, lakini mikono yake ilikuwa imeushika usukani kama mtu aliyening'inia.

"Vizuri. Naona hulali."

Kuanzia hapo nilikuwa nalala vibaya. Nilijibu maswali yake kwa sauti kubwa kuliko kawaida, hata yale ambayo hakuyamaliza kuuliza. Sikujiambia kwa nini. Ningemwambia nini, na kwa mdomo gani? Kwetu humwambii mtu wa rika la baba yako kwamba haoni. Tena mtu huyo ndiye aliyeshika neno langu moja, ameiva. Nikajiambia, bana, mtu ameendesha maisha yake yote, wewe nani?

Asubuhi ya Kamukuywa kulikuwa na ukungu, ule wa mwezi wa saba, unaokaa chini mtoni na kuacha vilele vya miti juu kama vinaelea. Tulikuwa tumejaza mahindi mpaka juu. Pale mteremko unapoanza, kabla ya daraja, niliona matawi.

Watu wa magari wanaijua lugha hiyo. Gari likikuharibikia barabarani, unakata matawi na kuyalaza kwenye lami, nyuma yako, ili anayekuja ajue. Zile pembetatu nyekundu hakuna aliyethubutu kuziweka chini, zingeibiwa kabla hujafungua kofia ya injini. Shida ni kwamba gari likishapona, watu huondoka na kuacha matawi pale pale. Yanakaa siku nzima, mpaka yanyauke, na hakuna gari lolote mbele. Kwa hivyo madereva wakubwa wana kazi ya kuyasoma, haya ni ya leo au ni ya jana.

Mimi niliyaona ni mabichi. Majani yalikuwa bado yamesimama. Nikageukia mzee nikingoja swali.

Swali halikuja. Alikuwa ametulia, anaimba kwa pua wimbo wa kanisani. Nikasema, ameshayasoma. Ameona ni ya jana, mimi ndiye sijui. Nikijitia kusema sasa, jioni itakuwa tena bado kidogo. Tukapita fungu la kwanza, nikasikia vitawi vikivunjika chini ya magurudumu. Fungu la pili lilikuwa kubwa zaidi, mtu alikuwa ameongeza hata mabua ya mahindi. Lori halikupunguza. Lilikuwa linazidi kuwa zito, linatusukuma, na mbele yetu ukungu ulikuwa kama mlango uliofungwa.

Halafu ndani ya ule weupe nikaona miwa.

"Mzee! Trekta! Kulia! Kulia, mzee!"

Alikata kulia papo hapo. Hakutafuta kwa macho, hakuuliza wapi. Alikata kwa sauti yangu, kama usukani ulikuwa umefungwa kwenye ulimi wangu. Trela la miwa likapita upande wangu, karibu mno, miwa ikigonga mlango, kioo cha pembeni kikang'oka, na kule chini nikaona miguu ya mtu aliyelala uvunguni akifungua gurudumu. Nikaona ile miguu ikivutwa ndani. Tulikuwa upande wa magari yanayokuja. Hakuna lililokuja. Mpaka leo sina maelezo mengine, hakuna lililokuja tu. Tukavuka daraja hivyo hivyo, tukaanza kupanda, na mlima ndio uliotusimamisha.

Mzee akazima injini. Tulikaa tukisikiliza maji ya mto.

"Kulikuwa na matawi?" akauliza.

Nilijua hilo halikuwa swali la darasani.

"Yalikuwa, mzee."

"Mbona hukusema?"

"Hukuniuliza."

Yule mtu wa trekta alikuja akikimbia, miguu mitupu, amebeba spana ya gurudumu, matope mpaka kwenye masikio. Alikuwa analia kwa hasira.

"Nyinyi ni vipofu? Si niliweka matawi? Si niliweka mara mbili? Ni vipofu?"

Mzee akashuka. Akavua kofia, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya barabarani. "Pole, ndugu yangu," akasema. "Ni mimi. Si huyu kijana, ni mimi." Aliyasema akimtazama yule mtu begani, sio usoni. Yule mtu akaona hivyo. Spana ikashuka yenyewe. Akamtazama mzee, akanitazama mimi, akarudi kwenye trekta yake bila kuongeza neno, na huko kunyamaza kwake kuliniogopesha kuliko kelele.

"Shika usukani," mzee akaniambia. Akazunguka gari akipapasa mbao za ubavuni, akapanda upande wangu.

Niliendesha. Gari lilienda. Tulipokaribia Webuye ndipo nikapata mdomo.

"Tangu lini, mzee?"

"Jicho la kulia lilianza kama vumbi. Nikawa naliosha na maji ya chumvi. La kushoto likafuata." Alizungumza kama anazungumza juu ya magurudumu. "Watu naona kama vivuli. Lori naona, ni kubwa. Taa zake ndizo sioni."

"Na hospitali? Si wanatoa hiyo mtoto wa jicho?"

"Wanaweza kutoa. Lakini kwanza wanaandika. Wakiandika, leseni inaenda, na mtoto wangu wa mwisho yuko darasa la saba."

Nilimwonea huruma, na huku nilikuwa na hasira, vyote pamoja. Kwa sababu nilikuwa nimeelewa kitu kingine. Siku angesema nimeiva, ningeondoka na macho yake.

"Mzee," nikasema, "mimi nimeiva ama bado?"

Tukapita Mabanga bila kusimama kunywa chai. Nilimwona yule mama mlangoni, ameweka mkono juu ya macho, anatuangalia tumebadilishana viti.

"Sijui, kijana," akasema mwishowe. "Sijawahi kukuona ukiendesha."

Niliendelea kuangalia barabara.

"Gia nasikia," akaongeza, kama anayenipa pole. "Gia zako ni nzuri. Breki pia nasikia, huchomi. Lakini hiyo ingine yote, jinsi unakaa barabarani, jinsi unapima nafasi, hiyo sijui. Nilikuwa nakuambia bado, na sijui."

Bungoma, tajiri alitoka kwenye veranda, akazunguka lori, akaona rangi iliyochunwa na mahali pa kioo.

"Hii nini?"

"Trekta ya miwa. Ni mimi," mzee akasema. "Tajiri, mgongo umekataa. Nimechoka na barabara. Mpe huyu kijana gari. Ameiva."

Hivyo tu, lile neno nililolingoja. Tajiri hata hakushangaa. Mzigo ulikuwa unangojwa Kampala, na hapo mbele yake palikuwa na mtu mwenye leseni. Akanyoosha ufunguo.

Sikuuchukua. "Tajiri, naomba kwanza niende na dereva mwingine. Safari moja tu. Mtu aniangalie."

"Ati nini?" Akacheka kwa nguvu, karani ndani ofisini naye akacheka. "Wenzako wanalilia gari, wewe unalilia mwalimu? Si amesema umeiva? Huyu amefundisha nusu ya madereva wangu."

Nilimtazama mzee. Alikuwa ameinamisha kichwa. Ningeweza kusema pale pale kwa nini neno lake halikuwa na kitu ndani. Maneno yalikuwa mdomoni. Lakini alikuwa ameshajiondoa barabarani yeye mwenyewe, mbele yangu, na kilichobaki kwake ni kuondoka na mgongo mbaya badala ya macho mabaya. Nikayameza. Nikachukua ufunguo.

"Kioo utanunua Malaba," tajiri akasema, tayari anarudi ndani.

Karatasi za mpakani zilitoka saa kumi jioni. Mzee alisimama kando ya lango nikiwasha injini, mfuko wake wa nguo miguuni. Hakunipungia mkono. Alikuwa amegeuza sikio upande wangu. Nikajua anasikiliza. Nikaingiza gia ya kwanza, nikaingiza ya pili polepole sana, kama mtu anayebeba maji yaliyojaa, nikatoka langoni. Kiti cha kushoto kilikuwa kitupu. Jua lilikuwa limeanza kushuka upande wa Malaba, linaniingia moja kwa moja machoni, na lori lililokuwa mbele yangu liliwasha indiketa ambayo, kwa mwanga ule, sikuweza kuona ni ya upande gani.