Debe la Mbege Ambalo Sikulipeleka

Shamba nililokodi Kirua Vunjo lilikuwa dogo, hatua arobaini kwa ishirini na tano. Nililipima mara tatu kwa sababu mara mbili za kwanza hesabu hazikulingana. Mwenye shamba, bibi mjane ambaye wanawe wote wako Dar, alikaa kwenye kigogo akinitazama nikienda na kurudi.

"Umepoteza kitu?"

"Hapana bibi. Napima."

"Limekuwepo tangu enzi za baba mkwe wangu. Halijawahi kupungua."

Alinipa kwa msimu mmoja wa kiangazi, kwa kujaribu. Alisema nikilitunza nitaendelea nalo hata miaka. "Lakini nikipita hapa nikakuta pamekauka, watu watasema mimi ndiye nimeshindwa. Hapo sikupi tena." Nikamwambia nimeelewa, na kweli nilikuwa nimeelewa.

Nilikuwa na miaka ishirini na tatu. Kwetu ni Moshi mjini, familia ya Kiislamu. Baba anashona viti vya magari, na hakuna mtu nyumbani aliyewahi kushika jembe. Nilikuwa nimeanza kozi ya ushonaji nikaiacha kwa sababu kola yangu ya kwanza ilipinda na sikuweza kuitazama. Nikaanza kompyuta, nikaiacha pia. Kaka yangu alikuwa ananiita mgeni rasmi. "Huyu kazi yake kuzindua miradi tu," aliwaambia wageni, "halafu anapanda gari anaondoka." Wote walicheka, nami nilicheka. Nilitaka nyanya nitakazopanda pale ziive zote, nizibebe hadi nyumbani, nisiseme kitu.

Kilimo nilijifunza kwenye simu. Nilijua umbali wa mche na mche, nilijua magonjwa ya majani kwa picha zake. Kuhusu mfongo sikujua chochote, maana huko kwenye simu haupo. Mfongo ni mfereji wa udongo uliochimbwa na mababu wa watu wa pale, unaleta maji kutoka mtoni juu mlimani, na kila shamba lina zamu yake. Yangu ilikuwa Jumanne na Ijumaa, alfajiri hadi saa tatu. Unaondoa kipande cha mgomba na udongo mlangoni mwa shamba lako, maji yanaingia. Ukimaliza unaziba, yanamwendea mwenzako.

Mwenye zamu lazima aje kusafisha. Siku ya kazi hutangazwa Jumapili nje ya kanisa la Kilutheri, ambako mimi sifiki, lakini siwezi kujificha hapo, kwa sababu mama jirani aliyelima shamba linalopakana na langu aliniambia waziwazi.

"Jumamosi msaragambo. Jembe lako na chakula chako. Saa moja uwe juu kwenye banio, mfongo unapoanzia."

Ijumaa nililala kwa bibi ili nisichelewe. Alfajiri nikasema nipandikize kwanza miche michache iliyobaki kabla jua halijatoka. Nilikuwa na kamba na vijiti. Mstari wa nne ulitoka nje kwa vidole vinne hivi. Nikaung'oa wote, nikaupanda upya, na huo upya ukaonyesha kwamba wa tatu nao haukuwa sawa. Nilipotazama saa, ilikuwa saa nne.

Nikachukua jembe nikapanda mlima karibu nakimbia. Kabla ya kona ya mwisho nikawasikia wakicheka. Nikasimama nyuma ya migomba. Walikuwa watu kama thelathini ndani ya mfereji, tope hadi magotini, na akina mama wawili tayari walikuwa wanafunua vyungu. Nikaanza kutunga la kusema. "Samahani nimechelewa" niliona ni dogo mno kwa kuchelewa saa tatu nzima. Sababu ya mistari niliona itawachekesha. Nikatafuta nyingine, sikuipata, na baada ya muda ambao siwezi kuukadiria nikageuka nikashuka. Hakuna aliyenifukuza. Niliona heri nisiwepo kabisa kuliko kufika nikiwa nimekosea.

Jumanne nilikuta mlango wa shamba langu umezibwa kwa mawe. Mama jirani alikuwa anamwagilia.

"Wamekufunga," alisema bila kuinua kichwa.

"Nani?"

"Nani tena? Mfongo. Hukuja Jumamosi. Mpaka upeleke debe la mbege kwa meku." Meku ni mzee anayesimamia mfongo.

"Mbege kabisa?"

"Basi wapelekee sharubati." Alicheka hadi akajifuta macho kwa khanga. "Nenda kamwone tu, wewe. Hang'ati."

Kwetu pombe haijawahi kuvuka kizingiti. Nilijiona nimebeba debe la pombe ya ndizi nikiwa na ushungi, na mtu wa Moshi mjini akinipita njiani. Jibu lilikuwa ni kuuliza kama kuna adhabu nyingine. Mimi nikaamua kuandika barua. Bibi alikuwa ameondoka Jumapili kwenda Dar kumwona mjukuu aliyezaliwa, ameniachia ufunguo wa jiko, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kunisukuma.

Barua ya kwanza ilikuwa ndefu. Ya pili ilikuwa na unyenyekevu wa mtu anayeomba kazi. Ya tatu niliipenda, lakini wino ulimwagika kidogo pembeni, nikainakili, na nilipokuwa nainakili nikaona aya ya pili haifai. Mchana nilibeba ndoo kutoka bomba la bibi, ambalo maji yake yalitoka kama ya kubembelezwa. Miche ilikuwa mia tatu na sitini. Ndoo moja ilitosha miche ishirini, na nilipofika mwisho wa shamba, ule mwanzo ulikuwa umekauka tena. Upepo wa Agosti haukutulia. Nilikuwa naona majani yakijikunja, narudi jikoni, naketi na karatasi.

Siku ya kumi na moja nikaenda. Meku alikuwa zizini anamkatia ng'ombe majani.

"Shikamoo meku."

"Marahaba. Wewe ndiye wa kamba?"

Nikampa barua kwa mikono miwili. Akaigeuza, akanirudishia. "Miwani iko kwa fundi. Nisomee."

Nikaisoma kurasa zote mbili nikiwa nimesimama, ng'ombe akitafuna. Nilipomaliza alimtupia ng'ombe majani mengine.

"Kuna mwalimu hapo chini, mlokole. Naye alikosa msaragambo mwaka fulani. Alileta sukari na majani ya chai, tukanywa chai. Hakuna aliyekufa."

"Sikujua, meku."

"Uliuliza?"

Nikaikunja barua.

"Na Jumamosi ile tulikuona. Ushungi mwekundu kwenye migomba. Tukasema yule anakuja. Kuna mama alikuwekea kiburu chako pembeni, ndizi na maharage, akafunika na jani. Tukangoja."

Alishuka mwenyewe mchana ule ule, miguu mitupu, akaondoa mawe. Aliniambia sukari nitaleta nikipata nafasi. Niliipeleka kesho yake, wakaipokea kama jambo dogo, na lilikuwa jambo dogo.

Maji yaliingia. Yalipita kwenye mifereji yangu iliyonyooka yakafika mwisho wa shamba kama nilivyochora. Nilikagua mche mmoja mmoja kwa kukwaruza shina na ukucha. Niliyoikuta na kijani ndani haikufika arobaini, na hata hiyo maua yalikuwa yamedondoka. Niliimwagilia wiki mbili. Ikabaki kumi na tisa, ikazaa vitu vidogo vigumu vyenye doa jeusi chini.

Mama jirani alikuja kusimama kando yangu. "Ila ulijua kupanga," alisema. "Hata kufa, imekufa kwa mstari." Hakusema kwa ubaya. Aliniachia fungu la mnafu nikapike.

Bibi alirudi mwezi uliofuata. Alikwenda shambani kabla hata ya kubadilisha viatu vya safari. Nilimkuta ukingoni.

"Maji yalikatika?"

"Hapana bibi. Nilifungiwa. Nilikosa msaragambo."

"Ukaenda kwa meku lini?"

"Siku ya kumi na moja."

Akanyoosha mkono. "Ile ya bati si ndiyo nyumba yake? Si unaiona kutoka hapa?"

"Naiona."

Alivunja shina moja kavu, akaliangalia, akaliacha lianguke. Akasema mama jirani ameomba shamba kwa ajili ya karoti, naye bibi anafikiri atampa. Kisha akanigeukia kabisa.

"Au una neno?"

Alingoja. Alingoja kwa muda mrefu kuliko nilivyostahili, akinitazama usoni. Nilikuwa nalo hilo neno. Nilikuwa bado nalipanga alipovuta khanga yake mabegani na kushika njia ya kurudi nyumbani.