Lugha za Ruvandi

Mwamvita alikuwa mfua nguo. Alifua na kupiga pasi nguo za wenye maduka wa Moshi mjini, na tangu aolewe na Mashaka, kuli wa stesheni, hakuwahi kupata mtoto. Mtoto alimjia kwa njia nyingine. Mke wa kwanza wa Mashaka, Mchagga wa Kilema, alifariki kwa uzazi, na binti yake Mektrida akalelewa kihambani, kwenye shamba la ukoo huko mlimani, na bibi yake mzaa mama. Bibi naye alipofariki, Mashaka alipanda mlimani akamleta binti mjini. Alikuwa na umri wa miaka saba, hajui Kiswahili hata chembe. Mwamvita, mzaliwa wa Tanga, alikuwa hajui Kichagga zaidi ya salamu.

Mtoto alinyamaza. Alikula alichopewa, akalala alipoelekezwa, na baba yake akimsemesha, hata kwa Kichagga, aliinamisha uso.

Siku moja Mwamvita alikuwa anapiga pasi, na mtoto amekaa kwenye kona akimtazama. Mwamvita aliweka pasi pembeni, akarundika shuka mezani hadi likawa mlima. Akachukua vifungo vilivyong'oka kwenye nguo, akavipanga. Vya mfupa akaviweka kileleni, vya shaba chini.

"Ruvandi," alisema, akiuonyesha mlima wote.

Akaanza kuvisemesha. Watu wa mfupa walikaa kwenye baridi kali, kwa hiyo walizungumza midomo karibu imefumbwa, joto lisiwatoke. Watu wa shaba walikaa tambarare, kila mmoja mbali na mwenzake, nao walivuta maneno kama wanaimba. Hakukuwa na neno la Kiswahili wala la Kichagga. Mwamvita alikuwa akiyatunga papo hapo. Maji aliyaita nyoli.

Kesho yake alirudia, akakosea, akasema nyole.

"Nyoli!" Sauti ilitoka kwenye kona, kali kama ya mwalimu.

Mwamvita alishtuka, kisha akacheka hadi machozi yakamtoka. Kuanzia hapo mtoto alihamia mezani. Akatunga maneno yake, akamkosoa mama huyu mgeni bila huruma, na kwa mara ya kwanza walikuwa sawa: kwenye nchi ile hakuna aliyekuwa mwenyeji kuliko mwenzake.

Lakini mjini watu wana masikio. Jirani yao, Sikudhani, aliwakuta bombani wakizungumza, akamwendea Mashaka.

"Shemeji, mtoto amepagawa, na mkeo anamwitikia. Tafuta mganga mapema."

Mashaka aliingia ndani amekunja uso. "Mwamvita, ni pepo gani hilo mnaloongea?"

"Si pepo, mume wangu. Ni lugha tumeitunga sisi wenyewe."

"Ya nini? Lugha zilizopo hazitoshi?"

"Za kwangu haelewi, za kwake sielewi. Ningefanyaje?"

Mashaka alikaa kwenye kigoda. Hasira ilimwishia, ikabaki huzuni. "Mimi ni baba yake," alisema taratibu, "na hajaniambia hata neno moja."

Mektrida hakuelewa maneno, ila uso aliuelewa. Aliinuka, akachagua kifungo cha kaki kilichotoka kwenye shati la kazi la baba yake, akamwekea kiganjani. Kisha akasema "Gomo," akatabasamu. Akasema "Gomo" tena, akanuna. Akasema "Gomo," akajifanya analia.

"Amekupa kabila," Mwamvita alisema. "Watu wa kaki wana neno moja tu. Maana yake inategemea sura."

Mashaka akajaribu. Alikunja uso wake mpana akanguruma, "Gomo!" Mtoto alicheka mpaka akashikilia meza.

Kiswahili kilifuata baadaye, kwa urahisi, kama mtu anayeingia mlango ulio wazi. Mwamvita naye akaokota Kichagga, kwa mtoto na kwa wanawake wa sokoni Kiboriloni. Kadiri walivyozidi kuelewana, ndivyo Ruvandi ilivyopungua. Hawakuiaga. Siku moja vifungo vilirudishwa kwenye nguo vikashonwa.

Mashaka alifariki wakati wa vita vya pili vya dunia, kwa homa, Mektrida akiwa na miaka kumi na minne. Arobaini ilipopita, mjomba wake Wenseslaus alishuka kutoka Kilema kumchukua.

"Shikamoo mjomba," Mektrida alimwamkia.

"Marahaba." Akamgeukia Mwamvita, akampa pole kwa Kiswahili cha heshima. Kisha akaanza kumwambia mpwa wake kwa Kichagga: "Fungasha. Mwanamke huyu si damu yako, baba yako hayupo tena, huna la kufanya hapa."

Mwamvita aliweka kikombe mbele ya mjomba, akasema kwa Kichagga hicho hicho, "Kunywa chai, shemeji, inapoa."

Wenseslaus akaona aibu. Alikinywa kikombe chote bila kuinua macho.

"Mjomba," Mektrida alisema, "msimu wa kahawa nitakuja kuvuna. Lakini kwetu ni hapa. Mama nitamwacha na nani?"

Mwamvita hakuwahi kuitwa hivyo na mtu yeyote. Alijifanya anatafuta sukari, akakawia kabatini.

"Basi," mjomba alisema, akisogeza kikombe kitupu, "mje wote wawili. Mikono haitoshi, mwaka huu kahawa imezaa sana."

Walipanda pamoja msimu ule, na misimu iliyofuata. Wanawake wa Kilema walimpa Mwamvita kapu lake, wakamcheka alivyochuma hata kahawa mbichi, kisha wakamfundisha.