Beberu wa Kurudi kwa Magesa

Naikumbuka siku moja, mwanangu, niliyomshika pembe beberu wa mama mkubwa, kisu mkono wa pili, na moyoni furaha ya kutosha kuigawia Musoma yote, Bunda wakapata kidogo, na bado ikabaki ya akiba.

Ilikuwa nyumbani kwa huyo mama mkubwa, nje kidogo ya Butiama. Nilikuwa kijana bado. Wapo wanaosema nilikuwa na mvi tayari, lakini ujana wangu ulichelewa kuanza, ndiyo maana ulichelewa kuisha. Mchana nilikuwaga fundi cherehani Nyasho, pale Musoma mjini, jioni naingia darasani na watu wazima wenzangu, na nilikuwa nimemaliza kidato cha nne kwa kishindo. Mtaa mzima ulijua. Wasiojua niliwafuata majumbani.

Ni shuleni huko mwalimu wetu wa uraia alitufundisha jambo lililokuja kutuokoa. Alisema nchi za Afrika zina mkataba wao wa haki za binadamu, na kule Arusha ipo mahakama ya Afrika inayomsikiliza mtu anayesema nchi yake imemnyima haki zile. Ila huko hakuendwi kama sokoni, akasema. Unaanza na mahakama za nyumbani, unapanda mpaka ile ya juu kabisa, na ukishamaliza zote ndipo unafika Arusha. Wenzangu walikuwa wanasinzia. Mimi nilikaa wima, kwa sababu ya Magesa.

Magesa ni mtoto wa mama mkubwa, ananizidi umri kidogo, mkulima wa pamba. Kuna duka lilivunjwa Musoma, mwenye duka akaumizwa vibaya, na Magesa akatajwa. Usiku huo yeye alikuwa Bunda, amelala juu ya magunia yake ya pamba akisubiri ghala lifunguliwe. Alilieleza hilo mahakamani. Akaomba mlinzi wa ghala aitwe aseme alichokiona. Hakuitwa. Wakili hakuwa naye, akabaki anajitetea mwenyewe kama mtu anayejinyoa bila kioo. Akafungwa miaka mingi, kiasi kwamba mama mkubwa alikataa kuambiwa ni mingapi.

Rufaa zikaenda, zikarudi mikono mitupu. Ndipo nilipomkumbuka mwalimu wangu. Nikamtafuta wakili mmoja wa msaada wa kisheria pale Musoma, dada mwenye sauti ya chini na hoja kali, na kesi ikaenda Arusha. Tuliwahi, mwanangu. Baadaye nchi yetu iliufunga ule mlango wa mtu mmoja mmoja kwenda mwenyewe, lakini ya kwetu ilikuwa imeshaingia.

Tukasubiri. Halafu ikaja simu ya wakili: mahakama ya Afrika imeamua kwamba haki ya Magesa ya kusikilizwa ilivunjwa, na serikali iisikilize kesi yake upya, au imwachie. Alikuwa bado anaongea nilipokata simu. Cherehani nikaiacha na suruali ya mteja yenye mguu mmoja. Nikapanda bodaboda mpaka Butiama, na nadhani dereva hakugusa breki hata mara moja, maana nilikuwa napiga kelele sikioni mwake njia nzima.

"Magesa anatoka!" Majirani wakaja. Ngoma ikaja, sijui imetokea wapi. Nikamkamata beberu, yule mwekundu ambaye mama mkubwa alimtenga kwa siku ya kurudi kwa mwanawe.

Mama mkubwa akatoka jikoni anafuta mikono.

"Wambura, huyo beberu unamfanya nini?"

"Tumeshinda, mama mkubwa! Arusha wamesema! Afrika nzima imesema!"

"Magesa yuko wapi?"

"Yuko... bado yuko gerezani. Lakini ameshinda."

"Nani kaenda kumleta?"

Mzee jirani akadakia, "Labda yumo mfukoni mwako. Mtoe basi, fundi, tumsalimie!" Watu wakaangua kicheko, na mimi nikacheka kwa aibu, kisu bado kinaning'inia.

Mama mkubwa hakucheka. Akaichukua kamba mkononi mwangu taratibu, akamrudisha beberu kwenye kigingi chake. Kisha akaniketisha.

"Umesoma, mwanangu, na mimi nimefurahi. Bila shule yako Arusha tusingeijua. Lakini kikao cha babu yako umekisahau?"

Nilikuwa nimekisahau kweli. Zamani hapo nyumbani, mtu akiibiwa ng'ombe, wazee walikuwa wanakaa na kuamua. Ila wakishaamua hakuna aliyesema shauri limekwisha. Waliinuka wote, wakatembea na yule ng'ombe mpaka kwa mwenye haki, wakasimama wakatazama anafungwa kamba kwenye boma lake. Kabla ya hapo hakuna chungu kilichowekwa jikoni. Na mwezi ukiandama, walimtuma mtu akaangalie kama ng'ombe bado yupo, au aliyeshindwa amemzungukia kwa nyuma akamchukua tena.

"Hao wa Arusha wameamua, na Mungu awabariki," akasema. "Sasa nataka kuona kamba."

Kesho yake tukawa kwa wakili, mimi na yeye.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuona kamba imefungwa wapi."

Wakili akaniangalia. Nikamweleza. Akatabasamu, halafu akawa mnyenyekevu kabisa. "Mama, ile mahakama haina askari wake. Haina gereza, hata ufunguo mmoja haina. Anayetakiwa kutekeleza ni serikali yenyewe, na imepewa muda irudi iieleze mahakama imefanya nini. Ikikaa kimya, sisi tunaiambia mahakama, na mahakama inaliweka jambo hilo kwenye taarifa yake kwa wakuu wa nchi za Afrika."

"Kwa hiyo wanahitaji mtu wa kuwaambia kamba haijafungwa?"

"Ndiyo, mama."

"Basi wameshampata," akasema, akajitengeneza vizuri kwenye benchi.

Mwanangu, benchi lile lilichukua umbo lake. Alikuwa anakuja kutoka Butiama, anasalimia kila mtu mpaka mfagiaji, anauliza maneno yaleyale: barua imefika kwa nani, huyo anatakiwa kujibu lini, asipojibu anaambiwa nani? Hakugombana na mtu. Hakumwinulia mtu sauti. Wakili alikuwa anaandika Arusha, anaandika serikalini, na kila akichoka anachungulia dirishani anamwona mama mkubwa, anaandika tena. Vijana wa ofisini wakampa jina, Mama Kamba.

"Mama Kamba, leo tena? Si upumzike nyumbani?"

"Nimepumzika njiani, mwanangu. Haya, imefika wapi?"

Zipo siku nilitaka kukata tamaa mimi, msomi. Nilimwambia pengine yameishia hapo. Akanijibu kwamba kama yameishia, basi aje mtu ayaseme hayo mbele yake, akiwa amesimama. Hakupatikana. Na huko nyumbani beberu alikuwa anazeeka, ndevu zinashuka, mpaka watoto wa jirani wakawa wanamwamkia.

Siku wakili alipopiga simu tena, safari hii nilimsikiliza hadi mwisho. Kesi ya Magesa ingesikilizwa upya. Na siku ilipofika, Magesa alikuwa na wakili pembeni yake, na yule mlinzi wa ghala la Bunda akaitwa. Mzee sasa, anatembelea fimbo. Akaulizwa kama anamkumbuka mtuhumiwa.

"Huyu? Nitamsahauje! Alikoroma usiku kucha. Wenye magunia mengine waliniomba nimfukuze."

Mahakama ilicheka, na Magesa akainamisha uso mikononi. Nilidhani anacheka pia, kumbe analia. Mkoromo ule ndio tuliokuwa tunausubiri miaka yote. Akaachiwa huru.

Nyumbani Butiama akina mama walikuwa wameshafungua vinywa kwa vigelegele gari liliposimama. Mama mkubwa akainua mkono. Wakavifunga. Magesa akashuka, akavuka uwanja, akakaa kwenye kigoda cha baba yake. Mama yake akamshika kichwa, akashuka mabegani, akambinyabinya mikono kama mtu anayepima kitambaa dukani.

"Haya," akasema. "Sasa."

Kigelegele alichokipiga kilisikika Bunda. Nisipoaminiwa nitaleta mashahidi, na safari hii wataitwa.

Beberu alichinjwa hatimaye. Nyama ilikuwa ngumu mpaka meno yangu yakataka kukata rufaa. Magesa akatafuna, akatafuna, akasema, "Mama, nyama hii ina umri wa kesi yangu." Mama mkubwa akamwongezea kipande kingine.

Nilidhani tumemaliza. Mwezi ukaandama, akaniita: "Wambura, nenda kaangalie." Nikaenda kwa wakili, nikauliza kama kuna mtu yeyote amemzungukia Magesa kwa nyuma. Wakili akasema muda wa upande wa pili kukata rufaa umepita, hakuna aliyekata. Nikarudi Butiama kumpa habari. Sikumpa mara ile. Magesa alikuwa shambani, namsikia anapiga mluzi kati ya pamba, na mama mkubwa amelala kwenye mkeka kibarazani, mchana kweupe, mdomo wazi. Tangu mwanawe afungwe sikuwahi kumwona amelala mchana. Nikakaa kimya pembeni mpaka alipoamka mwenyewe.

Kwa hiyo, mwanangu, ninapokaa hapa kwangu Bweri nakuona umejaa haki zako kichwani, nafurahi kama alivyofurahi mama mkubwa. Zijue, na uzidai kwanza hapa nyumbani, daraja kwa daraja, wala usiruke hata moja, hasa siku hizi njia ya Arusha ilivyokuwa nyembamba kwetu. Lakini siku utakayoambiwa umeshinda, usikate simu. Uliza nani anatakiwa kutekeleza, na asipotekeleza ataambiwa nani. Kisha nenda ukaangalie kwa macho yako. Ukishaona, mwezi ukiandama nenda tena. Hakimu wa Arusha hawezi kuja Butiama kutazama kama Magesa yuko shambani. Sisi tunaweza.

Mungu akuepushe usije ukaihitaji mahakama ile. Na ukiihitaji, akupe mtu wa kukaa kwenye benchi kwa ajili yako, akurudishe uwanjani kwa mama yako ukiwa mzima, na umkute beberu wako bado ana nyama laini. Amina.