Mshindi wa Mchezo wa Sanamu

Kazi ya wifi yangu ilikuwa kuchekesha watu waliolipwa kutukanwa. Nikisema hivyo alikuwa anakasirika, lakini ndivyo ilivyokuwa. Kampuni yao ilipokea simu za wateja wa kampuni nyingine: huyu umeme umekatika, yule mzigo wake haujafika, mwingine amekatwa pesa asizozielewa, wote wanapiga namba moja wakiwa wameshapandwa na hasira. Zamani walikaa ofisi moja. Baadaye wakubwa wakaona kodi ya jengo ni hasara, wakamkabidhi kila mtu kompyuta na hedifoni, wakamwambia akapokelee matusi nyumbani kwake.

Mwaka haujaisha, watu wakaanza kuacha kazi. Mmoja alizima kompyuta mteja akiwa bado anafoka, na hakuonekana tena. Ndipo wakubwa wakakumbuka kwamba wifi, kabla ya kuajiriwa, alikuwa mwalimu wa chekechea. Wakampa jukumu la kuwaweka watu pamoja: kila Ijumaa alasiri, kabla ya kufunga kazi, timu yake ikutane kwenye kompyuta icheze. Mshahara haukuongezeka hata senti. Kilichoongezeka ni jina, akaitwa Mama Michezo.

Mimi ni dada wa mumewe. Kaka yangu ni dereva wa malori ya safari ndefu, nyumbani anakuja kama mgeni, kwa hiyo nyumba ile ilikuwa ya mawifi wawili na maneno yao. Tuligawana sebule. Meza yake ya kompyuta ilikuwa upande wa dirishani, cherehani yangu upande wa mlangoni. Kikao kikianza ananinyooshea kidole, nami natoa mguu kwenye kanyagio.

"Wifi, hao watu wako wakicheka, nguo za wateja wangu zinalala."

"Zilale tu. Na wewe umenuna tangu asubuhi, ungekuja ukacheza ungepona."

"Nipone nini? Mimi siumwi, nina kazi."

Lakini nilikuwa naangalia, sitasema uongo. Tangu Jumatano utamwona anakata makaratasi, anajaribu mzaha mbele ya kioo cha kabati, ananiuliza kama unachekesha. Aliwachezesha mchezo wa kuonyesha kitu kikuukuu kuliko vyote nyumbani mwako, mchezo wa kupiga wimbo kwa mluzi wengine wabahatishe, mchezo wa kufunga kilemba kwa mkono mmoja. Watu waliingia pale na nyuso za kufiwa, wakatoka meno yote nje. Ile kazi aliipenda kwa moyo wake wote, na aliiweza.

Alikuwa na sheria moja tu: ya nyumbani hayaulizwi. Katika wiki za mwanzo mmoja alimuuliza mwenzake ataolewa lini, mwingine akacheka mtaa anaokaa kijana fulani, na dada mmoja akazima kamera yake akalie pembeni. Wifi akapiga marufuku. Usiulize mtu anaishi wapi, anaishi na nani, anaumwa nini. Kampuni nayo ilikuwa imewapa majina ya kazini, mteja mwenye hasira asije akamtafuta mtu, basi hata kwenye michezo wakawa wanaitana kwa majina hayo hayo au ya utani. "Hapa mtu anapumzika na maswali," wifi alikuwa anasema, na mimi niliona ana akili. Kwetu maswali yanachosha kuliko kulima.

Mkubwa wao kwa umri aliitwa Mzee Pole. Wateja wakimtukana alijibu "pole sana" kwa sauti nzito ya upole, hadi mteja mwenyewe anaishia kuomba radhi. Alipenda ile Ijumaa kuliko vijana. Anaingia wa kwanza, shati limenyooshwa, nywele nyeupe zimechanwa, anasalimu hata mimi niliye nyuma: "Wifi wa wifi, umetushonea nini leo?" Nami nilizoea kumjibu kwamba namshonea sanda ya uvivu wake. Anacheka mpaka miwani inateleza. Wote walijua kwamba anaogopa paka, kwamba ujanani alikuwa golikipa, na kwamba ana birika la marehemu mama yake lililovunjika mdomo. Walimjua hivyo.

Mwingine wa kujua ni dada mmoja aliyeitwa Kicheko, kwa kuwa hakuna mchezo wa kutocheka alioupita. Ukimwambia usicheke ndiyo kwanza unamfungulia.

Ijumaa moja wifi alileta mchezo wa sanamu. Kila mtu akae mbele ya kamera bila kutikisika. Kupepesa macho ruhusa, kucheka marufuku, na maikrofoni zibaki wazi ili hata mguno usikike. Yeye kazi yake kuwachokoza. Alijifanya mteja aliyekatiwa umeme, anafoka, anatishia kwenda mahakamani, kumbe taa yake imeungua balbu. Kicheko alianguka kabla hata balbu haijatajwa. Wengine wakafuata mmoja mmoja, na kila aliyetolewa alizima maikrofoni yake akabaki mtazamaji. Mwisho wakabaki wawili, kijana mmoja na Mzee Pole.

Mzee alikaa wima, mikono miwili juu ya meza. Mdomo ulikuwa umevutika upande mmoja, nasi tukadhani anabana kicheko. Wifi akazidi kumchokoza: "Mwangalieni golikipa wetu! Mwangalieni, karibu apasuke!" Kijana akashindwa, akajifunika uso na shati. Wakafungua maikrofoni wote, wakampigia makofi mzee, wengine wamesimama kabisa. Hata mimi nilipiga.

"Mzee Pole, umeshinda! Tupe maneno ya ushindi!"

Mzee hakusema kitu.

"Bado anacheza huyu," akasema Kicheko, na watu wakacheka tena.

"Mtandao wake umekwama," akasema kijana. "Picha imeganda."

Wifi akakubali. Alikuwa ameshaanza kuwaaga watu, wikendi njema, nisalimieni. Mimi nilikuwa nimesogea nichukue kikombe mezani kwake, nikainama, nikaona pazia nyuma ya mzee. Lilikuwa linapepea. Linajaa upepo, linashuka, linajaa tena.

"Wifi," nikamwambia, "kama picha imeganda, mbona pazia linacheza?"

Akanigeukia, akarudi kwenye kompyuta. Akamsogeza mzee akajaa kioo kizima. Ndipo tukaona mate yaliyoshuka kidevuni mpaka kwenye kola ya lile shati lililonyooshwa. Jicho moja lilipepesa, polepole, na lingine halikupepesa.

"Mzee wangu!" wifi akapiga kelele. "Mchezo umekwisha! Mzee wangu, umekwisha!"

Kila mtu akawa anasema lake. Mmoja akalia kwamba tupige simu ya gari la wagonjwa, liende haraka. Kijana wa shati akauliza, "Liende wapi?"

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Wifi akawauliza anakaa mji gani. Mtaa je? Jina lake halisi? Nani ana namba yake ya simu? Watu wazima wamecheza pamoja Ijumaa hadi Ijumaa, wanajua jina la timu aliyodakia, na hakuna aliyejua mlango wake. Nilimwona wifi anajishika kichwa kwa mikono miwili. Ile sheria alikuwa ameitunga mwenyewe, na hakuna aliyehitaji kumkumbusha.

Akampigia bosi wake. Aliweka sauti ya nje, nikasikia yote.

"Taarifa za wafanyakazi zipo utumishi, na utumishi wameshafunga," akasema bosi. "Na ni siri, unajua. Hebu tulia kwanza, huenda ni mtandao tu."

"Bosi, namwona kwa macho yangu. Mtu anakufa."

"Usitumie maneno makubwa. Ngoja nimtafute mtu wa utumishi, nitakupigia."

Natamani ningekuwa na huyo bwana chumba kimoja, mimi na mkasi wangu. Wifi akakata simu. Akawaambia wenzake wazime maikrofoni zote, ibaki ya mzee peke yake, na kila mmoja asikilize. Labda tungesikia kitu cha kutuonyesha alipo. Sijawahi kuona watu wamekaa kimya namna ile. Tulisikia pumzi yake, nzito, inakoroma. Tukasikia feni, na jogoo, na watoto wanagombania mpira. Vitu vya kila mahali. Kisha kwa mbali kikaja kipaza sauti cha muuzaji wa barabarani, yale maneno yaliyorekodiwa: mafagio, ndoo, mabeseni, mama njoo uchague.

Kicheko akafungua maikrofoni.

"Huyo amepita hapa kwangu sasa hivi."

"Wako wengi hao, dada," akasema kijana.

"Sikilizeni hapo kwenye mabeseni, spika inakatika. Ni yeye. Ametoka dirishani kwangu hata chai haijapoa."

Kiti chake kikabaki kitupu. Alitoka mbio na simu mkononi, picha ya mzee ikiwa wazi, wifi akimsemesha njiani. Alimkuta muuza mabeseni barabarani, akaushika mtaa aliokuwa ametoka kuupita, akawa anamwonyesha kila mtu ile picha, kwa kuwa jina hakuwa nalo. Mwanamke mmoja aliyekuwa anaanika nguo akaitazama mara moja tu. "Huyu si mzee wa nyumba ya geti la bluu? Anakaa peke yake, anaongea na kompyuta." Ilikuwa nyuma ya nyumba ya Kicheko. Walitenganishwa na ukuta na mtaro.

Tuliona mlango unatikisika nyuma ya pazia, ukavunjwa, na Kicheko akaingia kwenye ile picha. Dada yule tuliyezoea kumwona ndani ya kidirisha chake alikuwa sasa ndani ya kidirisha cha mzee, amepiga magoti, amemshika mkono. "Mzee Pole, ni mimi Kicheko. Mimi jirani yako." Sijui kama alimsikia. Majirani wakambeba. Kiti kikabaki, na pazia, na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kufunga kile kikao.

Bosi alipiga simu wakati mzee ameshafikishwa hospitali. Alikuwa amepata anwani, na ilikuwa ya nyumba aliyohama zamani.

Daktari alimwambia Kicheko kwamba mshipa ulipasuka kichwani na damu ikavuja muda mrefu, angeletwa mapema wangejaribu. Jumapili mzee akafariki. Jumatatu kampuni ikatuma ujumbe kwa wafanyakazi wote. Walisikitika, halafu aya ya chini ikaagiza kwamba kuanzia sasa michezo ya kukaa kimya isitumike, itumike ya kunyoosha viungo. Wifi aliusoma kwa sauti, akausoma tena, akafunga kompyuta kwa utaratibu kabisa. Nilimwambia atukane, atapata nafuu. Hakutukana. Afadhali angetukana, maana kwa siku zilizofuata alikaa pale mezani bila kusema na mtu, na mimi nikashona siku nzima bila kunyooshewa kidole, nikatamani aninyooshee.

Mazikoni nilimsindikiza. Alitaka kwenda peke yake, nikakataa katakata. Kicheko alitupokea njia panda, tukaingia pamoja, tukakaa na wanawake. Baada ya kuzika, binti mkubwa wa marehemu akaja mpaka tulipokaa, amevimba macho. Alikuwa anaishi mbali, alifika baba yake ameshakata roho.

"Nimeambiwa ninyi ndio wenzake wa Ijumaa."

"Ndio sisi, mama," wifi akajibu.

"Alikuwa akiwasifu kweli. Ijumaa alasiri nilikatazwa kabisa kumpigia simu, anasema yuko na wenzake, asisumbuliwe." Akakaa chini mbele yetu, akamshika wifi mkono. "Nikajua basi, siku ile moja kwenye wiki, baba hayuko peke yake. Dada yangu, nieleze. Yalipomkuta mlikuwa mnamwona?"

"Tulikuwa tunamwona."

"Wote?"

"Wote."

"Sasa mlikuwa mnafanya nini?"

Mimi nilishaandaa uongo, tena uongo mzuri: mtandao ulikatika, ulivyorudi tu tukashtuka, tukahangaika. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Kicheko naye alikuwa ananitazama kwa macho ya kuniomba niuseme. Wifi akanibana goti kwa nguvu, nikanyamaza.

"Ulikuwa mchezo wa kukaa bila kutikisika," akamwambia. "Mimi ndiye niliyeuleta. Tulidhani ameshinda. Tulikuwa tunampigia makofi."

Binti aliendelea kumshika mkono kwa muda, kama mtu ambaye hajasikia vizuri. Kisha akauachia, akajifuta kiganja kwenye kanga yake.

"Naomba muondoke," akasema. "Tafadhali. Kabla sijawaambia ndugu zangu."

Tukatafuta viatu vyetu mlangoni, tukaondoka.